Uchambuzi wa kisa: Familia iliyokuwa inabuku kruzi ya mwaka jana

## Kabla sijaanza

Kisa hiki ni cha kweli na wenyewe wamenipa ruhusa, walichosema ni toa majina tu, nami nimeyatoa, na tarehe chache nimezisogeza ili majirani wasianze kuhesabu vidole. Naishi Houston, uwakala wa safari ni kazi yangu ya pembeni, na wateja wangu wengi ni Wabongo na Wakenya wa huku Texas. Niseme mapema kabisa, nikikubukia kruzi, yaani nikikukatia nafasi kwenye hizi safari za likizo za meli kubwa, kamisheni yangu inatoka kwa kampuni ya meli, na hiyo kamisheni ina mkono wake kwenye makosa ya hiki kisa, tutafika huko.

Nimeamua kukiandika kwa sababu kila wiki naulizwa swali lile lile, "hivi kruzi na watoto inawezekana?" Inawezekana sana. Ila mtoto wa mwaka mmoja, wa miaka sita na wa miaka kumi na mbili ni safari tatu tofauti kabisa, na hii familia imepitia zote tatu ndani ya miaka kumi, na Bibi juu yake.

## Familia yenyewe

Baba K anaendesha roli. Mama K ni msaidizi wa wauguzi hospitalini, shifti za usiku, na hii ya shifti za usiku ishike kichwani maana itarudi. Watoto watatu: Mkubwa ni binti wa mwishoni mwa 2012, Wa Kati ni wa kiume wa Julai 2016, na Kitinda Mimba kazaliwa mwanzoni mwa 2021. Halafu yupo Bibi, mama mzazi wa Mama K, makazi yake Mwanza.

Kwa nini kruzi na sio kitu kingine? Jiografia tu. Bandari ya Galveston iko kama kilomita 80 kutoka Houston, unapakia watoto kwenye gari asubuhi, saa moja barabarani, mchana mnakula ndani ya meli. Hakuna ndege. Kwenda Bongo watu watano tiketi peke yake inakausha akaunti, na tuseme ukweli jamani, kwenda nyumbani sio likizo, ile ni ziara ya kikazi, unazunguka kusalimia kuanzia unatua mpaka unaondoka, unarudi umechoka kuliko ulivyoondoka na masanduku matupu. Kwa hiyo mpango wao ukawa hivi, Bongo kila baada ya miaka minne mitano hivi, katikati hapo kruzi kila mwaka. "Kila mwaka." Hilo neno lilisemwa 2015 kama utani mezani, baadaye likageuka sheria ya nyumba.

Kwa ambao hawajui, kutoka Galveston ile ya siku 4 inagusa Cozumel kule Mexico tu, ya siku 5 mara nyingi inaongeza Progreso, huko huko Mexico, ya siku 7 inafika mpaka Roatán kule Honduras au Costa Maya. Hata ile fupi kabisa lazima iguse nchi nyingine, maana ipo sheria ya Marekani ya tangu 1886 inayozuia meli zenye bendera ya nje kuchukua watu kwenye bandari ya Marekani na kuwazungusha bandari za humo humo tu bila kugusa nje, na karibu meli zote hizi kubwa zina bendera ya nje. Maana yake ukipanda umetoka nchini, kwa hiyo makaratasi yako yawe sawa.

## Mambo yalivyokwenda

2015, Mkubwa miaka miwili na miezi minane. Siku mbili kabla ya safari nikawaambia wanitumie picha za makaratasi. Mama K akanitumia cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kizuri kweli, kina alama za nyayo na ua pembeni. Kile ni zawadi ya hospitali, bandarini hakitambuliki, kinachotakiwa ni cheti cha serikali. Baba K aliacha roli uani akakimbilia ofisi za kaunti kabla hazijafungwa. Wakapona.

Ndani ya meli sasa. Mtoto anayevaa pampasi haruhusiwi kuingia kwenye bwawa, hata umvalishe zile pampasi za kuogelea, ni kanuni ya afya inayosimamiwa na CDC, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, kwa meli zinazoingia bandari za Marekani, hakuna kubembeleza. Mkubwa alishavalishwa nguo yake ya kuogelea ya njano yenye samaki, kakimbia mpaka ukingoni, kijana wa bwawani akainama akamuuliza mama yake kwa upole kama mtoto ameshaacha pampasi. Mama K anasema alitamani kudanganya. Mtoto akalala chini akalia mpaka watu wanageuka. Chumba cha watoto kwenye meli ile kinapokea kuanzia miaka 3, na awe anajua choo. Kwa hiyo siku nne wazazi walipokezana zamu kama wako kazini. Meza ya chakula wakapewa ya saa mbili na robo usiku, mtoto analala saa moja na nusu. Mama K alirudi akaniambia, "Nilihamisha jiko na chumba, nikavipeleka baharini."

Lakini siku moja kabla ya kushuka, bahari imetulia, mtoto kalala, wanapita karibu na ile meza ya kuuzia safari za mwakani, depoziti ndogo, na unapewa vidola vya kutumia kwenye meli. Wakabuku ya Aprili 2016.

2016, safari ambayo haikwenda. Mama K akapata mimba, tarehe ya kujifungua Julai. Kwenye kruzi karibu kampuni zote zina mstari mmoja, ukifikisha wiki 24 kabla safari haijaisha hupandi, na Aprili yeye angekuwa wiki ya 25. Hakuniambia. Na kwa nini aniambie? Kwetu mimba haitangazwi, unakaa kimya mpaka ionekane yenyewe. Alivyonipigia tarehe ya kumalizia malipo ilishapita na ile ngazi ya kukatwa hela imeshaanza, kadiri unavyosogea siku ya kuondoka ndo unavyorudishiwa kidogo. Walipoteza nusu. Bima ya safari walikuwa wameikataa kuokoa dola mia na kitu.

2017 hawakwenda. Mtoto mchanga anaruhusiwa kuanzia miezi 6 kwenye safari nyingi, kwa hiyo wangeweza, na mimi kwa tamaa yangu nilipiga simu Februari kuwakumbusha. Baba K akasema, "Ndugu yangu, tunalala masaa matatu usiku, meli ya nini." Alikuwa sahihi, nami nilikuwa natafuta kamisheni.

Novemba 2018, Bibi anapanda meli. Hapa nitakaa kidogo.

Bibi alikuja kuwatembelea, viza yake ya kuingia mara nyingi, na hilo ndo lilikuwa swali langu la kwanza maana kampuni za meli hazimchukui mgeni mwenye viza ya kuingia mara moja kwenye safari ya kutoka na kurudi. Mexico wenyewe wanakubali viza hai ya Marekani. Wiki ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, shule ya Mkubwa inafungwa wiki nzima, wakachagua siku 5, Cozumel na Progreso. Bei ya wiki ile imechangamka, lakini hakuna kuruka shule.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kulala. Nafuu kuliko zote ni kabini moja, mtu wa tatu na wa nne wanalipa kidogo na vitanda vinashuka kutoka kwenye dari. Nilivyowapa hiyo bei kukawa kimya kwenye simu. Halafu Mama K akacheka, "Wewe umeshakuwa Mmarekani? Baba K alale chumba kimoja na mama mkwe wake?" Nikaomba radhi. Kabini mbili, Bibi na Mkubwa moja, wazazi na Wa Kati nyingine, na mlango usiwe unaoungana. Kila kabini inatakiwa iwe na mtu mzima, kawaida wa miaka 21 kwenda juu, na Bibi akatosha hapo.

Uamuzi wa pili haukuwa wa hela. Bibi alikataa kupanda. Alisema hivi hivi, "Mimi meli naijua." Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikiwa inakaribia Mwanza, watu kwa mamia wakafa, na Bibi alipoteza jirani yake aliyekuwa anarudi na ndizi za biashara. Watu wa Mwanza wa umri ule huhitaji kuwaeleza kitu. Watoto wakamwonyesha video za meli, slaidi za maji, mataa, vyakula, haikusaidia hata kidogo. Kilichosaidia ni Baba K, alikaa naye jikoni akamwambia, "Mama, tutakwenda bandarini, utaiangalia. Ukisema hapana tunarudi wote nyumbani na hela iende." Na alimaanisha.

Bibi aliiangalia. Akauliza inabeba watu wangapi, akauliza nani anawahesabu. Akapanda kimya. Saa moja baadaye king'ora kikalia, kila mtu aende kwenye kituo chake kwa mazoezi ya kujiokoa, ile ambayo vijana wanaiona usumbufu. Tangu meli ya Costa Concordia ilale ubavu pale Italia Januari 2012 na watu 32 wakafa, mazoezi yale yanafanyika kabla meli haijaondoka, zamani ungeweza kuwa ndani siku nzima kabla hujaonyeshwa jaketi. Wafanyakazi wakasoma majina kabini kwa kabini. Bibi akasimama mstari wa mbele. Akahesabu boti zilizoning'inia upande wake, akarudia kuzihesabu. Wakati abiria wengine wanapiga picha yeye alimwambia binti yake, "Hawa wametuhesabu. Kule hakuna aliyetuhesabu." Usiku ule akala vizuri.

Siku ya pili akapatikana kijana wa Mombasa anafanya kazi kwenye mgahawa wa juu, kasikia Kiswahili akasimama na trei yake, "Shikamoo mama." Marahaba, basi ikawa imekwisha. Chai ya kwenye meli ni maji ya moto na kipakti na maziwa ya baridi, Bibi alikuwa anaitazama tu. Yule kijana kuanzia hapo kila saa kumi jioni anakwenda jikoni anachemshiwa maziwa, analeta kikombe kimefunikwa na sosa. Kule Progreso gati linaingia baharini kilomita 6 na nusu, mnapakiwa basi kutoka melini mpaka mjini, Bibi akauliza, "Hili ni gati au daraja?"

Sasa kosa. Wa Kati alikuwa na miaka miwili na miezi minne, meli hii chumba chake cha watoto kinapokea kuanzia miaka 2 hata mwenye pampasi, ila kila wakimpeleka analia, simu inapigwa njoo umchukue. Kwa hiyo usiku wanamwacha kwa Bibi. Usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Usiku wa tatu wazazi wametoka kwenye shoo na muziki, wanarudi saa saba, wanakuta Bibi amekaa kitandani na khanga yake, mjukuu kalala kwenye miguu yake, televisheni inawaka bila sauti. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, mlinileta kutembea au kulea?"

Mama K anasema mpaka leo akikumbuka anaona aibu. Usiku mbili zilizobaki alikaa ndani yeye na mtoto, Bibi akatoka na Mkubwa kwenda kuangalia watu wanaoteleza kwenye barafu ya bandia.

2019 walikwenda siku 4, sina la kusema, ilikuwa safari ya kawaida.

Februari 2020, ukungu. Mkubwa yuko darasa la kwanza. Wakaona Alhamisi mpaka Jumatatu, Jumatatu yenyewe ni sikukuu, kwa hiyo shule anaruka siku mbili tu, na Mama K kamwambia mwalimu. Kumwambia mwalimu sio ruhusa, likizo ya familia huku Texas kwa kawaida inahesabika kama utoro. Na majira yale, Januari mpaka Machi, ukungu wa bahari unashuka Galveston mpaka njia ya meli kuingilia bandarini inafungwa, marubani wa bandari hawaingizi chombo. Jumatatu asubuhi wako nje ya bandari, wanasikia honi tu, mbele hawaoni kitu, wakaingia Jumanne mchana. Siku mbili zikawa tatu, na sheria ya Texas inasema siku 3 za utoro ndani ya wiki nne shule inamwandikia mzazi barua ya onyo. Barua ikaja. Mama K naye alikosa shifti ya Jumatatu usiku, ikaandikwa kwenye faili lake.

Na wakati meli imekwama kwenye ukungu, watu hawana pa kwenda, ile meza ya kuuzia safari za mwakani ilikuwa wazi na ina punguzo. Wakabuku ya Juni 2020! Wiki nne baadaye Machi dunia ikafungwa na meli zote zikasimama. Wakapewa uchaguzi, hela yako yote au krediti, yaani salio la kulipia safari nyingine, yenye nyongeza juu, nami nikawashauri krediti.

Juni 2022, siku 7, watu watano. Meli zilianza tena kutoka Galveston Julai 2021 lakini walisubiri. Krediti ilikuwa inakaribia kuisha muda, ndo ikawasukuma. Mkubwa 9, Wa Kati anakaribia 6, Kitinda Mimba mwaka na miezi minne. Kabini ya watu watano ni adimu na ni ghali, wakachukua mbili, safari hii zenye mlango unaoungana katikati. Kwenye makaratasi Baba kabini moja, Mama nyingine, usiku wanajipanga wanavyotaka.

Safari hii ndo iliyokwenda vizuri kuliko zote, na sababu ni mazungumzo waliyofanya jikoni kabla. Mama K alisema, "Mimi siku ya kwanza nisiguswe." Ametoka shifti tatu mfululizo. Baba K akachukua watoto wote, Mama K alilala masaa 11, akaamka akala, akalala tena. Siku ya tatu Baba K naye akapewa nusu siku yake, akashinda kwenye kiti anaangalia maji, mtu wa barabarani anachotaka ni kutoona barabara. Mdogo akaingia kwenye chumba cha wachanga, kile cha kulipia kwa saa, masaa mawili kwa siku basi. Chakula cha jioni wakaomba cha mapema.

Wakashuka na furaha. Na walikuwa wameshabuku 2023 mle mle ndani, meli ile ile, kabini zile zile, wiki ile ile.

2023 na 2024. Ya 2023 haikuwa mbaya ila ilichacha. Mdogo sasa ana miaka miwili, mbio, chumba cha wachanga hakitaki tena na bwawa haruhusiwi, tumerudi 2015. Mkubwa na Wa Kati wako makundi tofauti kwa umri, 6 hadi 8 na 9 hadi 11, kaka analilia dada. 2024 Mkubwa ana miaka 11, ndo mkubwa kuliko wote kwenye kundi lake, kafurahi kupita kiasi, anaruhusiwa kujisaini mwenyewe kuingia na kutoka. Kwa furaha ile wakabuku tena.

Juni 2025. Ana miaka 12 sasa, kundi la 12 hadi 14, yeye ndo kinda. Na shuleni kachaguliwa kambi ya riadha, wiki ile ile. Kalia, akasema, "Hiyo ni meli yenu." Baba K alitaka kukaza, hela imeshalipwa. Wakajadili siku tatu. Mwisho kocha akakubali aingie kambi siku mbili mwishoni, na wakamchukua binamu yake wa miaka 13 aende naye. Binamu ana grinikadi, akabeba hiyo na pasipoti yake ya Tanzania, pamoja na barua ya wazazi wake yenye muhuri wa mthibitishaji. Barua iliulizwa bandarini, kwa hiyo ambao mnaona ni mbwembwe mjue.

Usiku wa kwanza walipotea. Wazazi waligoma kununua waifai ya watoto, saa sita kasoro usiku hawapo kwenye chumba cha kundi lao, hawapo kabini, Mama K anazunguka ghorofa kumi na mbili na ndala. Walikuwa wanakula piza, maskini, hata hawakujua wanatafutwa. Kesho yake wakagundua kuta za kabini ni za bati, sumaku inanasa. Wakaomba karatasi mapokezi, wakanasa mlangoni na sumaku ya friji: uko wapi, umetoka saa ngapi, unarudi saa ngapi. Ikafanya kazi mpaka mwisho, hata Baba K ilibidi aandike.

## Maamuzi na kilichoyasukuma

Ukiangalia vizuri, safari zao mbaya karibu zote zilibukuliwa sehemu moja, ndani ya meli, siku moja kabla ya kushuka. Pale umelala, umekula, mtoto kakubusu, unanunua marudio ya ulichokipata. Ila unayemnunulia ni mtoto wa mwaka huu, na atakayepanda ni mwingine. 2016 ilinunuliwa na mwanamke asiye na mimba, ikapangiwa mwenye mimba. 2023 ilinunuliwa kwa ajili ya mchanga anayekaa anapowekwa. 2025 ilinunuliwa kwa ajili ya binti wa 11. Familia hii ilikuwa inabuku kruzi ya mwaka jana, kila mwaka.

Nami nilisaidia. Safari ikinunuliwa ndani ya meli wakala wako bado anapata chake, kwa hiyo sikuwahi kuwaambia subirini mfike nyumbani. Halafu ule utaratibu wa kampuni ya meli wa kuwapa wateja vyeo, kadi yako inabadilika rangi ukifikisha siku fulani za baharini, Baba K alikuwa anazihesabu. Kadi yenyewe inakupa nini? Chupa ya maji na beji.

Maamuzi mazuri yalitoka sehemu nyingine kabisa, jikoni nyumbani, mtu anasema hali yake ilivyo. "Tunalala masaa matatu." "Mama, ukisema hapana tunarudi." "Siku ya kwanza nisiguswe."

## Kilichofanya kazi

Kuwa karibu na bandari kulibeba mengi, ukichelewa umechelewa saa moja sio ndege tatu. Wiki ya Thanksgiving ni ghali lakini ukilinganisha na barua ya shule na shifti iliyopotea, mimi naona ni bei ya haki. Kabini mbili ni gharama ambayo haikuwahi kujutiwa hata mara moja, iwe kwa heshima ya mkwe au kwa usingizi.

Kwa Bibi, kilichofanya kazi ni kumwachia haki ya kukataa mpaka dakika ya mwisho, ikiwa na hela yake imewekwa mezani. Mimi ningemwonyesha video.

Na kuruka mwaka. 2017 walivyoruka hakuna kilichoharibika.

## Kilichogoma

Bibi kugeuzwa yaya, hili nimeliona kwenye familia nyingi mno na nasema bila kuficha, kama mnamchukua mzazi ili mpate usiku wenu mwambieni kabla hajafunga sanduku, akikubali sawa, akikataa mjipange. Mzee wa kwetu hatasema hapana akiwa katikati ya bahari, atakaa kitandani na khanga tu.

Swali la mimba. Nilikuwa nasubiri niambiwe. Siku hizi kila anayebuku namtumia ukurasa mmoja wa masharti, wiki 24, miezi 6, pampasi na bwawa, viza, barua ya mtoto wa mwenzio, namtumia kila mtu, hata kapera, kwa hiyo hakuna anayelazimika kujieleza.

Krediti ya 2020. Nyongeza ilikuwa tamu ila iliwafunga. Mwaka 2022 ilitoka vizuri kwa bahati, ingeweza kuwakuta kama 2016.

Hela ndogo ndogo nazo. Tipu ya wafanyakazi mwaka 2025 ilikuwa dola 16 na kuendelea kwa mtu kwa siku, na watoto wanahesabiwa. Watu 6 siku 5 ni dola 480 kabla hujanunua soda. Baba K aliiona mara ya kwanza kwenye bili ya mwisho, 2015, na mimi ndo sikumwambia.

## Walipo sasa

Walishuka Juni 2025 bila kubuku chochote, mara ya kwanza. Baba K anasema walipita pale mezani, mhudumu akawaita kwa jina, Mama K akasema tutaongea nyumbani. Waliongea Agosti. Kitinda Mimba anaanza shule mwaka huu wa masomo unaokuja, pampasi kasahau, anataka bwawa kuliko kitu chochote. Wa Kati anataka Roatán kwa sababu kasikia kuna nyani. Bibi kapigiwa simu, kasema atakuja kama yule kijana wa Mombasa bado yupo, na kabini yake awe peke yake.

Mkubwa kasema atajibu ratiba ya riadha ikitoka. Mpaka leo sijabuku kitu.